Mkristo Anayefundisha Kiingereza Thailand: Mjadala wa Wanne

Februari 1862 Mfalme Mongkut wa Siam alimwandikia Anna Leonowens, mjane aliyekuwa akiishi Singapore, kumwita Bangkok aje kuwafundisha wake zake na watoto wake Kiingereza. Barua ile iliweka sharti moja waziwazi: afundishe lugha, sayansi na fasihi, asijishughulishe na kuwaingiza wanafunzi wake katika Ukristo. Mfalme alikuwa na sababu. Miaka kumi na mmoja kabla ya hapo, mwaka 1851, wake watatu wa wamishonari wa Kimarekani walikuwa wamefunguliwa kasri ili wafundishe Kiingereza. Mahubiri yakazidi kuingia katika masomo, hamu ya wanafunzi ikapungua, na baada ya miaka michache mlango ukafungwa.

Siam sasa inaitwa Thailand, na lile sharti bado lina uzito. Katika shule zake leo wapo Wafilipino, Wakameruni, Waganda, Wakenya na Watanzania wanaofundisha Kiingereza, na wengi wao ni Wakristo. Wanaishi katika nchi ambayo zaidi ya watu 9 katika kila 10 ni Wabudha, na Wakristo ni kama asilimia 1 tu. Wapo waliofuata mshahara. Wapo waliofuata wito. Wengi wamefuata vyote viwili, na hapo ndipo maswali yanapoanza: mtu huyu atafute nini kule, na siku moyo ukimwishia, ainuliwe na nini?

Ili kulijadili suala hili, makala haya yamewaketisha watu wanne meza moja. Mchungaji amestaafu, lakini bado anasimamia mfuko wa umisheni wa usharika wake. Dokta ni mwanaisimu wa chuo kikuu na mwimbaji wa kwaya katika usharika huohuo. Mwalimu amerudi nyumbani baada ya kufundisha katika shule ya serikali huko Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Binti amehitimu ualimu juzijuzi na ana mkataba wa ajira ambao bado hajautia sahihi. Wasemaji hawa ni wa kubuni. Watu wa historia wanaowataja, miaka na desturi ni vya kweli.

Mchungaji ndiye mkubwa wao kwa umri, kwa hiyo anaanza.

"Mwanangu," anamwambia Binti, "usiende ukidhani unafuata riziki tu. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na mikono ileile ndiyo iliyobeba Injili. Kiingereza ndilo hema lako."

"Mchungaji, niwie radhi," Dokta anadakia. "Mahema ya Paulo yalikuwa mahema kweli. Aliyenunua aliondoka na kitu cha kumkinga jua. Ninachokihofia mimi ni mwalimu anayemwambia ofisa wa viza kwamba anakwenda kufundisha, anamwambia mkuu wa shule hivyohivyo, halafu anawaandikia wafadhili wake nyumbani kwamba anakwenda kuvuna roho. Hapo Kiingereza kimekuwa chambo, na mtoto wa watu ndiye samaki."

Shutuma hiyo imezua ubishi mkali miongoni mwa wataalamu wenyewe. Mwaka 2003 Julian Edge, Mwingereza aliyebobea katika ufundishaji wa Kiingereza, aliandika makala katika jarida la TESOL Quarterly akieleza kwamba kulitumia darasa kama njia ya siri ya kueneza dini ni udanganyifu, akadai uwazi. Mwaka huohuo Alastair Pennycook na Sophie Coutand-Marin walichapisha uchambuzi wao juu ya Kiingereza kama lugha ya umishonari. Waumini waliomo katika fani hiyo hawakunyamaza. Mwaka 2009 Suresh Canagarajah, msomi mzaliwa wa Sri Lanka, na Mary Shepard Wong walihariri kitabu ambamo Wakristo na wakosoaji wao wanajibizana uso kwa uso. Si rahisi kupata kitabu kinachowapa nafasi wanaopingana kiasi hicho, na kila kamati ya umisheni inayotuma walimu nje ingefaidika kukisoma kabla ya kumkatia mtu tiketi.

Mchungaji hatishiki. "Niambieni basi habari za Korea. Mmishonari Mmarekani, Henry Appenzeller, alitia mguu Incheon siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1885. Kuhubiri hadharani kulikuwa hakuruhusiwi. Akaanza na vijana wawili waliotaka Kiingereza. Shule ikakua, Mfalme Gojong akaipa jina, ikaitwa Pai Chai. Mle akapita kijana Syngman Rhee, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Korea Kusini mwaka 1948, naye alikuwa Mkristo. Si Mungu huyo?"

"Ni Mungu, lakini tusimulie yote," Dokta anajibu. "Appenzeller mwenyewe aliripoti kwamba ukimuuliza Mkorea kwa nini anataka Kiingereza, jibu ni lilelile: apate cheo. Rhee naye hakuficha kwamba alichokifuata Pai Chai ni lugha. Alimaliza shule bila kuamini. Aliamini gerezani, alikotiwa mwaka 1899 kwa sababu za siasa."

"Na kilichomrudia kule gerezani ni yale aliyoyasikia katika ibada za shule!"

"Nakubali. Lakini hakuna mwalimu wa Pai Chai aliyeandika gereza katika maandalio ya somo."

Kisa hiki hakimpi ushindi Mchungaji wala Dokta. Appenzeller alitoa kile alichoombwa, akakitoa vizuri kiasi kwamba mwaka 1897 Rhee alisimama katika mahafali ya shule na kuhutubia kwa Kiingereza juu ya uhuru wa Korea. Imani ilikuja baadaye, kwa njia ambayo haikuwa mikononi mwa mtu. Anayekwenda kufundisha leo akiwa na ratiba ya lini nani ataokoka anajibebesha mzigo ambao hata Appenzeller hakuwa nao. Na Appenzeller hakuwa mtu wa moyo nusunusu: alikufa maji Juni 1902, akiwa na miaka 44, meli yake ilipogongana na nyingine wakati akielekea Mokpo kwenye kikao cha kutafsiri Biblia.

Mwalimu, ambaye mpaka hapo alikuwa akisikiliza tu, anawarudisha Thailand.

"Kabla hajawa mfalme, Mongkut alikuwa mtawa, mkuu wa hekalu la Wat Bowonniwet. Mwaka 1845 alitaka kujifunza Kiingereza, akamwendea mmishonari Mmarekani, Jesse Caswell. Wakapatana. Caswell amfundishe Kiingereza, na yeye Caswell apewe chumba katika eneo la hekalu ahubiri humo na kugawa vijitabu. Hebu fikirini, hekalu la Kibudha linampa Mkristo chumba cha kuhubiria! Mapatano yakaendelea kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Mtawa hakubatizwa mpaka anaingia kaburini. Lakini Caswell alipofariki mwaka 1848, mwanafunzi wake hakumsahau. Alipokalia kiti cha ufalme alimtumia mjane wake fedha za shukrani."

"Na mfalme huyohuyo ndiye aliyemfungia Anna mdomo," anasema Binti.

"Ndiye. Caswell alihubiri mahali palipotengwa kwa mahubiri, mwenye nyumba akijua. Wale akina mama wa kasri walihubiri ndani ya saa iliyoombwa kwa ajili ya lugha."

Dokta anatikisa kichwa kukubali. Anaongeza mfano wa China, kwa ufupi, kwa sababu kule sheria ni kali zaidi: tangu 1994 kanuni za serikali zinamruhusu mgeni kusali lakini zinamkataza kuwageuza raia. Hata hivyo mwaka 1985, kwa juhudi za Askofu K. H. Ting na wenzake, Wakristo wa China walianzisha Amity Foundation jijini Nanjing, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kupokea walimu wa Kiingereza kutoka makanisa ya nje. Walipelekwa kwenye vyuo vya ualimu vya miji midogo, kuwafundisha watu ambao wangekuja kuwa walimu wa sekondari. Kila upande ulijua wametumwa na makanisa, na kila upande ulijua hawakuja kuhubiri. Walioalika ni Wakristo wenyeji, waliojua vizuri kuliko mgeni yeyote nini kitawajenga na nini kitawaletea matatizo.

Hapo Binti anatoa lililo moyoni mwake.

"Baba Mchungaji, usharika umenichangia nauli. Nikirudi likizo nitasimamishwa mbele ya watu niulizwe nimefanya nini. Nikisema nimefundisha vitenzi vya wakati uliopita, mtaniangaliaje?"

Kimya cha Mchungaji kinasema mengi. Mfuko wake una fomu, na fomu ina safu ya waliobatizwa.

Mwalimu ndiye anayejibu, na anajibu kwa historia ambayo wengi wanaokwenda Thailand hawasimuliwi. Wamishonari wa bodi ya kwanza ya Kimarekani walifanya kazi Siam kuanzia 1831 hadi 1849. Miongoni mwao alikuwamo Dan Beach Bradley, tabibu na mchapaji aliyefika mwaka 1835. Miaka kumi na minane ya jasho, dawa, uchapaji na mazishi ya watoto wao, na hawakumpata Msiamu hata mmoja wa kubatiza. Wapresbiteri waliofuata walimpata muumini wao wa kwanza wa Kisiamu, Nai Chune, mwaka 1859.

"Sasa mtu wa mkataba wa mwaka mmoja," anasema Mwalimu, "akiyapima maisha yake kwa safu ile ya fomu, atakufa moyo kabla ya Krismasi. Mimi nilikufa moyo. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 40, joto, feni mbili, na wa nyuma wamelala juu ya madawati. Kithai sikijui. Jumapili ya kwanza nililia chumbani. Barua kutoka nyumbani zinauliza, wangapi?"

"Nini kilikuinua?" Mchungaji anauliza, na safari hii sauti yake imeshuka.

"Mambo mawili. La kwanza ni herufi ya mwisho."

Anaeleza. Mthai akikutana na neno la Kiingereza linaloishia na s, mara nyingi ulimi wake hufunga kwa t. L ya mwisho hugeuka n. Kwa Mthai, neno football huishia na sauti ya n, na walimu wengi wazungu hukata tamaa wakiamini watoto hawasikii. Mwalimu alilifahamu tatizo hilo kutoka kinywani mwake mwenyewe, kwa kuwa Mswahili naye konsonanti za mwisho humpa tabu, mpaka aongeze irabu: benchi, baiskeli, hospitali. Akawaonyesha ubaoni jinsi ulimi wa kwao Afrika unavyokosea, akawafundisha kulitaja neno kwa namna ya Kiswahili, wakacheka, kisha wakalijaribu kwa namna ya Kiingereza. Msichana mmoja wa dawati la mbele, aliyekuwa hajatamka neno tangu muhula uanze, aliirudia s mara tatu akiwa ameweka kidole mbele ya meno ili auhisi upepo. Siku iliyofuata aliinua mkono. Ndani ya wiki chache nusu ya darasa ilikuwa ikiweka kidole mbele ya meno.

"Nilirudi nyumbani siku ile nikamshukuru Mungu kwa herufi moja. Na nilikuwa namaanisha."

Dokta anaipokea habari hii kwa furaha. Anamkumbusha kila mtu mezani juu ya Earl Stevick, Mkristo na mmoja wa wataalamu wakubwa wa ufundishaji wa lugha katika karne ya 20, ambaye Waswahili wana sababu ya kumjua: ndiye aliyeongoza kuandaa kozi ya Kiswahili kwa ajili ya wanadiplomasia wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1963. Stevick alifikia hitimisho kwamba kufaulu kwa mwanafunzi hakutegemei sana vitabu na mbinu. Kunategemea zaidi yanayotokea ndani ya watu darasani na baina yao. "Alikuwa anaeleza lugha inavyofundishwa," anasema Dokta, "lakini mwamini atatambua mara moja anachokisema. Ukimfanya mtoto aliyekuwa anajificha athubutu kusema, umemtendea jambo ambalo Kristo anahusika nalo. Hata kama jina lake halikutajwa katika somo."

"Litatajwa lini basi?" Mchungaji hajaachia. "Taa haifunikwi."

"Nakuja huko, Mchungaji. Jambo la pili lililoniinua ni kanisa," anasema Mwalimu. "Dogo, watu wasiofika 30, wakulima wa mpunga na mwuguzi mmoja. Sikuelewa mahubiri hata neno. Mzee wa kanisa alinikalisha chini akanifundisha kusoma nyimbo za ibada kwa Kithai, silabi kwa silabi, kila Jumapili mchana baada ya chakula. Mimi mwalimu wa kigeni, mbele ya kitabu kama mtoto wa chekechea. Kuanzia pale shuleni walianza kuniuliza, mwalimu, Jumapili unakwenda wapi? Nikawajibu. Aliyetaka kujua zaidi alijua kanisa lilipo, na aliyehubiri ni Mthai kwa Kithai, si mimi."

Mchungaji anaguna, lakini ni mguno wa mtu anayefikiri. Kisha naye anatoa mfano, na huenda ndio mfano bora aliouleta mezani. William Smith Clark, Mmarekani kutoka Massachusetts, alifika Sapporo kaskazini mwa Japani mwaka 1876 kuanzisha chuo cha kilimo, akafundisha kwa Kiingereza. Kuroda Kiyotaka, ofisa aliyemwajiri, hakutaka Biblia itumike. Wakabishana, mwishowe Kuroda akaridhia. Clark alikaa miezi minane tu. Kabla hajaondoka, wanafunzi wake walitia sahihi hati iliyoitwa Agano la Waumini wa Yesu. Aliporudi kwao mambo yalimwendea vibaya: kampuni yake ya migodi ilianguka mwaka 1882, watu wakapoteza fedha zao, jina lake likachafuka, na mwaka 1886 akafariki. Inasimuliwa kwamba akiwa kitandani alisema kitu pekee kinachompa faraja maishani ni ile miezi ya Sapporo.

"Miezi minane," anasema Mchungaji. "Mwanangu, hujui ni ipi kati ya siku zako itakayokubeba uzeeni."

Mwandishi wa makala haya anaona kisa cha Clark kinahitaji kusomwa mpaka mwisho wake, na mwisho wake haupo Massachusetts. Upo kwa Uchimura Kanzo. Kijana huyu alifika Sapporo mwaka 1877, Clark akiwa ameshaondoka. Wanafunzi wa mwaka wa mbele wakamwandama mpaka akaitia sahihi ile hati bila ridhaa yake, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye. Imani ilimwingia kwa kweli, ikamkolea, akawa mmoja wa Wakristo wakubwa wa Japani. Na tarehe 9 Januari 1891, akiwa mwalimu katika shule ya juu jijini Tokyo, alishindwa kuinama kama ilivyotakiwa mbele ya Waraka wa Kifalme juu ya Elimu. Nchi nzima ikamjia juu, akapoteza kazi. Aliwahi kusukumwa aingie katika imani, na baadaye akasukumwa aiinamie dola. Mtu aliyepitia yote mawili alianzisha harakati ya Wakristo wasio na kanisa rasmi wala amri za wamishonari kutoka nje. Anayetaka kupeleka imani kwa njia ya darasa amkumbuke Uchimura kila anapotamani kumharakisha mwanafunzi.

Suala la kuinama halikubaki Japani ya zamani. Mwalimu alikutana nalo katika muhula wake wa kwanza, Alhamisi moja ya mwezi Juni, siku ya Wai Khru.

Kila shule ya Thailand huadhimisha siku hiyo mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kuwapa walimu heshima. Ukumbini mbele kuna meza yenye sanamu ya Buddha, mishumaa na ubani. Walimu hukaa kwenye viti jukwaani. Wanafunzi hujongea kwa magoti, mikononi wameshika sinia lenye mguu lililopambwa maua. Ndani yake kuna iksora, ambayo matumba yake yaliyochongoka ni ishara ya akili kali. Ua la biringanya, linaloinamisha kichwa, ishara ya unyenyekevu. Na ukoka, ule unaotambaa kila mahali, ishara ya kuvumilia na kukua haraka. Mtoto humkabidhi mwalimu maua, kisha huinama mpaka paji la uso liguse sakafu.

"Nilijiuliza, nikae pale?" anasema Mwalimu. "Mtoto wa mtu anisujudie, na nyuma yangu ubani unafuka?"

"Ungeondoka," anasema Mchungaji bila kusita. "Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuuliza utaratibu wa sherehe."

"Lakini Naamani aliuliza," anasema Dokta. "Alimwambia Elisha kwamba bwana wake akiingia nyumba ya Rimoni huegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama. Elisha hakumtukana. Akamwambia aende kwa amani."

"Naamani alikuwa mchanga katika imani!"

"Na watoto wale, Mchungaji, wanamheshimu mwalimu. Hata kwetu mtoto alipiga magoti kumpa mkubwa maji, na hakuna aliyeita ibada ya sanamu."

Mabishano haya yanachukua muda, wala hayajaisha hata sasa. Mwalimu anaeleza tu alichofanya. Siku tatu kabla, alimwendea yule mzee wa kanisa. Mzee akamweleza kwamba katika shule za Kikristo za Thailand siku hiyo huadhimishwa vilevile, kwa maua na magoti, lakini kwa sala na nyimbo badala ya ubani, kwa hiyo Wakristo wenyeji wamekwisha kutenganisha heshima na ibada. Kisha akamwendea naibu mkuu wa shule, akamwambia kwa adabu kwamba atakaa, atapokea maua, atawaombea wanafunzi heri, ila kuwasha ubani hataweza kwa kuwa ni Mkristo. Naibu mkuu akajibu kwamba hakuna shida, na kwamba alishajua. Alijuaje? Kila mtu shuleni alijua Jumapili anakwenda wapi.

Hapa ndipo hoja ya uwazi inapoonekana si nadharia. Mtu aliyejificha asingeweza kuomba ruhusa ile. Angelazimika ama kuwasha ubani ama kujifanya mgonjwa.

Dokta amebakiza jambo moja, na ni zito. "Tumezungumza kana kwamba Kiingereza chenyewe hakina hatia. Ngugi wa Thiong'o ameandika jinsi watoto wa shule walivyochapwa au kuvalishwa kibao cha aibu kwa kusema Kigikuyu. Wengi wa walimu wetu wa enzi zile walikuwa waumini. Mwanaisimu Robert Phillipson aliandika juu ya ubeberu wa lugha mwaka 1992, nasi tulikuwa tumeshauonja."

"Tuliuonja, na tulionja pia mengine," anajibu Mchungaji. "Carey Francis, Mwingereza, aliacha hisabati Cambridge akaja shule ya Maseno, Kenya, mwaka 1928. Akaongoza shule ya Alliance tangu 1940 hadi 1962. Alipostaafu angeweza kwenda kwao kupumzika. Akaenda Pumwani, mtaa wa maskini wa Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida mpaka alipofariki mwaka 1966. Alikuwa mkali, na alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini hakututumia kupandia cheo."

Wote wawili wanasema kweli, na Binti ni mrithi wa yote mawili. Anabeba lugha iliyomfikia bibi yake kwa fimbo, anaipeleka kwa watu ambao hawakuwahi kutawaliwa na Mwingereza, na huko anakokwenda lugha hiyohiyo itamhukumu. Korea Kusini, kwa mfano, viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza hutolewa kimsingi kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Thailand mlango ni mpana zaidi, lakini asiyetoka katika nchi hizo hudaiwa cheti cha mtihani wa Kiingereza, na matangazo mengi ya kazi humwekea mshahara wa chini kuliko mwenzake mzungu mwenye shahada ileile.

"Hilo litakuuma," Mwalimu anamwambia. "Mzazi atakuangalia rangi kabla hujafungua kinywa. Usijidanganye kwamba sala itakufanya usihisi."

"Ila ana kitu ambacho yule wa nchi saba hana," anasema Dokta, akimgeukia Binti. "Wewe Kiingereza ulikitafuta. Ni lugha yako ya pili, pengine ya tatu, na hukuitupa ya kwanza ili kukipata. Mtoto wa Isan anazungumza Kilao nyumbani, Kithai shuleni, na sasa Kiingereza. Mweleze kwamba hata wewe hivyohivyo. Usimwambie kamwe aache lugha ya mama yake mlangoni."

Binti anaandika kitu katika daftari lake. Kisha anautoa mkataba kwenye bahasha, anauweka katikati ya meza.

Mchungaji anauliza kama usharika unaweza kuugeuza mchango uliobaki kuwa ada ya masomo ya Kithai kwa miezi sita ya kwanza. Anasema atalipeleka suala hilo kwenye kamati yeye mwenyewe, na ile fomu ataiangalia upya, ingawa hataki kuahidi kwamba safu itaondolewa. Wazee wengine wataipigania. Binti anasema atamwandikia mkuu wa shule kabla ya kusafiri, amweleze kwamba ni Mkristo, kwamba atakuwa anakwenda kanisani, na kwamba darasani atafundisha kilichomo katika mtaala. Mwalimu anamshauri asiandike barua ndefu.

Dokta amevaa miwani, anasoma ukurasa wa tatu. Kifungu kimoja kinamtaka mwalimu ashiriki kambi za Kiingereza za mwishoni mwa juma bila malipo ya ziada, kila zitakapopangwa. Anakizungushia duara kwa kalamu.

"Kambi hizi ni Jumamosi tu au hata Jumapili?" anauliza. "Na ni ngapi kwa muhula? Uliza vyote viwili kabla hujatia sahihi."

"Mimi zilikuwa nne," anasema Mwalimu. "Mbili ziliangukia Jumapili."

"Basi lazima ajibiwe kwa maandishi," anasema Mchungaji, na anauvuta mkataba upande wake akisome kifungu mwenyewe.